Kofia Haina Upande

Mchoro wa Frans Hals wa mwaka 1624, uliomo katika jumba la Wallace Collection mjini London, naupenda sana. Jina lake ndilo silikubali. Waingereza wa karne ya 19 waliuita Askari wa Mfalme Anayecheka. Nadhani ile kofia nyeusi yenye ukingo mpana iliwashawishi. Lakini kijana huyo wa miaka 26 alichorwa Uholanzi, miaka 18 kabla ya wafuasi wa Mfalme Charles wa Kwanza kupigana na Bunge, mwaka 1642. Wala hacheki, anatabasamu tu, kwa majivuno. Tena hata watu wa Bunge walivaa kofia pana. Kofia haikumsemea mtu upande wake. Sisi ndio tuliomsemea. Tuliweke jina kando, tumtazame mtu mwenyewe.