Karatasi Juu ya Picha

Mwalimu wa fasihi anayeijua kazi yake haanzi na istilahi. Huanza na picha, tena akiwa ameifunika nusu.

Chukua ile ambayo Margaret Bourke-White aliipiga Louisville, Kentucky, mwaka 1937. Kwanza darasa linaonyeshwa sehemu ya juu tu: bango kubwa lenye familia ya Wazungu garini, baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote uso wa furaha, na maandishi yanayojigamba kwamba Marekani inaongoza dunia kwa maisha bora. Kisha inafunikwa, inafunuliwa ya chini: Wamarekani Weusi kwenye foleni, ndoo na vikapu mkononi, hakuna anayecheka. Kila nusu peke yake ni jambo la kawaida. Karatasi ikiondolewa, darasa linaguna.

Mikono inanyooshwa palepale: "Umaskini!" "Ubaguzi!" Mwalimu hakubali wala hakatai; anauliza foleni ile ni ya nini. Kumbe ni ya msaada, baada ya mafuriko ya Mto Ohio ya Januari mwaka huohuo. Je, picha imetuhadaa? Hapo ndipo somo linapokolea. Mmoja atasema maji hayachagui mtu. Mwenzake atajibu kwamba ahadi ya bango ilikuwa imewaacha nje watu hao hata kabla ya maji kupanda. Wa tatu atataka kujua mpiga picha alisimama wapi, maana angegeuza kamera kidogo tu, bango lisingeonekana.

Wakishaiva hivyo, wapewe utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaipanga fahari ya majumba ya mji wa Pate ubavuni mwa magofu yake: vidaka vilivyopambwa kwa sahani za kauri, sasa ndege wanalelea makinda humo. Picha ya Louisville inakutanisha maisha mawili kwa wakati mmoja. Utenzi unakutanisha nyakati mbili kwenye ukuta mmoja.

Ninachokihusudu katika ufundishaji huu ni subira. Jibu mwalimu analo tangu jana, na bado ananyamaza. Mtihani utadai jina la mbinu na mfano wake, na hayo hukaririwa kwa dakika chache. Kumzoeza kijana atazame pande zote mbili kabla ya kuhukumu, kisha amgeukie aliyezipanga na kumuuliza kwa nini, huko ndiko kufundisha.