Heko, Sarit Centre

Jumba la Sarit Centre lilipofunguliwa Westlands mwaka 1983, wakazi wengi wa Nairobi walikuwa bado wakishuka katikati ya jiji kununua vitu. Maduka mengi chini ya paa moja, na mahali pa kuegesha gari pale pale, lilikuwa jambo geni. Sarit huhesabiwa miongoni mwa majumba ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi supamaketi ya Uchumi ndiyo iliyowavuta wanunuzi. Sasa kuna Carrefour, na upanuzi wa mwaka 2019 ukaongeza maduka mengi ya nguo, viatu na simu. Hayo utayakuta kwingine pia.

Mimi naipongeza Sarit kwa Text Book Centre. Duka hili la vitabu, lililoanzia Kijabe Street mwaka 1964, lina tawi kubwa hapa. Nenda Januari, shule zikikaribia kufunguliwa: mzazi ameshika orodha iliyokunjwa mara nne, mhudumu anaisoma haraka na kuchomoa kitabu cha Hisabati, kamusi, daftari za mistari. Chini ya rafu za hadithi, mtoto amechuchumaa, ameshafika ukurasa wa kumi kabla kitabu hakijalipiwa. Hafukuzwi.

Ukumbi wa maonyesho nao umekuwa mwenyeji wa Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambako wachapishaji hupanga vitabu vya Kiswahili na wanafunzi wenye sare hukutana na waandishi wanaowasoma darasani. Jumba la kifahari lililokipa kitabu nafasi pana kiasi hicho linastahili heko zetu zote.