Tippu Tip na Watu Wasio na Majina

Kiko kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho kila mwanafunzi apendaye lugha hii hana budi kukisoma, tena kwa uangalifu. Nacho ni kile cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, kama alivyoyaandika mwenyewe. Kilichapishwa kwanza Berlin, mwaka 1902 na 1903, baada ya Mjerumani Heinrich Brode kumhimiza mzee huyo aandike habari zake. Tippu Tip alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, akafa huko huko mwaka 1905. Maisha yake yote alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, akawa mtawala, na alimiliki watumwa wengi.

Wewe usomaye Eldoret, mbali sana na bahari, waweza kuuliza yatuhusu nini hayo. Yatuhusu kwa sababu ya lugha. Kiswahili hakikupanda bara kwa vitabu peke yake. Kilitembea kwa miguu ya watu wa misafara. Tukiirithi lugha yao, yafaa tujue nani walikuwa wakiisema, na nani walinyamazishwa.

Kwanza tumpe mwandishi haki yake. Sentensi zake ni fupi na safi. Hatumii maneno ya kujipamba. Tazama habari za Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera. Tippu Tip alisikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtawala huyo walitekwa, akadai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akasadiki, akamwachia nchi. Mwandishi hafichi hila yake wala haionei haya. Aieleza kama mtu aelezaye biashara iliyomletea faida, nasi twamfahamu kwa habari hiyo moja kuliko kwa kurasa nyingi za sifa.

Lakini usafi huo wa maneno una kasoro yake. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akapata frasila 1,950 za pembe. Frasila moja ni kama kilo 16, na mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: walihitajika watu wapata 1,000 kuzichukua pembe hizo. Walikuwa akina nani? Wapagazi wa misafara wengine walikuwa Wanyamwezi wa ujira, wengine watumwa. Katika kitabu, matajiri na masultani wana majina na maneno yao. Pembe zina uzito wake. Bali watumwa huhesabiwa tu, kama mali ihesabiwavyo. Mwandishi huyo huyo alalamika kwamba Stanley, aliyemsindikiza mwaka 1876, hakumtimizia ahadi zake. Alikumbuka vema deni alilodai, wala hakufikiri juu ya deni alilodaiwa.

Watu wengine husema kwamba tusimlaumu, kwa kuwa zama zake ndivyo zilivyokuwa. Neno hilo lina ukweli kidogo. Wazungu waliomshutumu hawakuwa safi: mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wake huko Stanley Falls, kwa mkono wa Stanley. Hata hivyo, Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ya Unguja iliacha kuutambua utumwa. Kwa hiyo Tippu Tip alipoandika, jambo hili lilikuwa limekwisha kujadiliwa na kuamuliwa mlangoni pake. Kunyamaza kwake hakukuwa kwa kutojua.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi ukimaliza kitabu hiki, tafuta habari za Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa angali mtoto akauzwa Unguja. Habari zake zimo katika kitabu cha Kiingereza cha Margery Perham kilichotoka mwaka 1936. Hana mamlaka ya Tippu Tip, lakini ana jambo ambalo tajiri yule hakuweza kutupa: anajua njia ile ile kutoka upande wa aliyeuzwa.

Sisemi kitabu cha Tippu Tip kitupwe. Kiswahili chake ni cha kufaa kuigwa, na ushahidi wake hauna mfano. Nasema kisomwe pamoja na swali. Kila usomapo habari za pembe, simama kidogo ujiulize: ilibebwa na nani, naye alikuwa akiitwaje kwao?