Barabara Ikilowa, Mbio Huamuliwa Majini

Asubuhi ya tarehe 27 Julai 2021, shindano la triathloni la wanawake katika Olimpiki ya Tokyo lilicheleweshwa kwa dakika 15 kwa sababu ya mvua na upepo wa dhoruba Nepartak iliyokuwa ikiikaribia Japani. Hali ilipotulia kidogo wanariadha walijitosa katika maji ya Odaiba, na chini ya saa mbili baadaye Flora Duffy wa Bermuda alikata utepe kwa muda wa 1:55:36. Georgia Taylor-Brown wa Uingereza alifuata kwa 1:56:50 na Katie Zaferes wa Marekani akamaliza wa tatu kwa 1:57:03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Bermuda, visiwa vyenye wakazi wasiofika laki moja, na wengi walioisimulia waliiweka miguuni mwa Duffy, kwa kuwa katika kilomita 10 za mwisho hakuna aliyeimudu kasi yake. Ni kweli, ila maelezo hayo yanaacha jambo moja pembeni. Washindi wote watatu wa medali walikuwa katika kundi dogo lililotoka majini mbele ya wengine, na kundi la nyuma, lenye watu wengi zaidi na wakimbiaji hodari ndani yake, halikuweza kulifikia. Siku kavu jambo hilo ni nadra. Ninachodai hapa ni kwamba mvua, ambayo sote huitazama kama tatizo la baiskeli, hupandisha thamani ya kuogelea kuliko inavyobadilisha kitu kingine chochote.

Tuanze na muundo wa shindano lenyewe. Triathloni ya Olimpiki ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia, na kwenye baiskeli kanuni zinamruhusu mshindani kujikinga upepo nyuma ya mwenzake. Ruhusa hiyo ndiyo inayotawala hesabu zote. Anayekaa karibu na gurudumu la mbele yake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, na kundi la watu 25 wanaopokezana zamu ya kukata upepo lina kasi zaidi kuliko kundi la watu watano walio hodari sawa nao. Ndiyo maana siku ya jua mwogeleaji mkali anayetoka majini akiwa amewaacha wenzake sekunde 40 hana la kujivunia bado. Walio nyuma wana kilomita 40 za kumrudisha, wanagawana kazi, na mara nyingi wanafika eneo la kubadilishia pamoja naye, wakiwa wamechoka kidogo kuliko yeye. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona medali ikiamuliwa kwa miguu, hatashangaa kusikia kwamba kwa sababu hiyo triathloni nyingi za kiwango cha juu hugeuka kuwa mbio za kilomita 10 zenye utangulizi mrefu.

Lami ikilowa, utangulizi huo hubadilika, na hubadilika kwenye kona. Kasi ya mwisho ambayo baiskeli inaweza kukata nayo kona bila kuteleza inategemea upana wa kona na msuguano kati ya tairi na lami. Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 15. Tukikadiria kwamba msuguano kwenye lami kavu ni 0.8, kikomo cha kasi ni takriban kilomita 39 kwa saa. Maji yakiushusha hadi 0.5, kikomo kinakuwa kama kilomita 31. Namba hizo ni za kukadiria, na juu ya mistari ya rangi au mifuniko ya chuma ya mitaro hali huwa mbaya zaidi, lakini mwelekeo wake hauna ubishi: mshindani anaingia kwenye kona polepole zaidi, na akitoka ana kazi kubwa zaidi ya kurudisha kasi yake. Mzunguko wa Odaiba ulikuwa wa kilomita tano zilizojaa kona, na ulirudiwa mara nane.

Sasa fikiria gharama hiyo inavyogawanywa. Mtu wa kwanza kwenye kundi huchagua njia yake, huona lami iliyo mbele yake, hufunga breki mara moja kisha hukanyaga tena. Wa 20 haoni ila mgongo wa mwenzake na maji yanayomrukia usoni kutoka gurudumu la mbele. Hufunga breki mapema kwa hofu, na anapofika kwenye kona yenyewe wa kwanza tayari anaondoka kwa kasi. Ni kama foleni ya magari kwenye taa: taa ikiwa kijani gari la mbele huondoka papo hapo, la mwisho linasubiri zamu yake, kisha linalazimika kukimbia kuliko yote ili lisiachwe. Kundi la watu watano halina foleni ya maana. Kundi la watu 20 lina foleni kila kona, na kila kona walio mkiani wanalipa kwa mchapuko mkali ambao miguu haitausahau wakati wa kukimbia. Uwingi, ambao siku kavu ni injini ya kuwakimbiza walio mbele, siku ya mvua unageuka mzigo. Nani atakuwa kwenye kundi dogo na nani atakuwa kwenye foleni, hilo limeshaamuliwa majini.

Nadharia kama hii ni rahisi kuitunga baada ya matokeo, kwa hiyo inahitaji kupimwa. Bahati nzuri Olimpiki mbili zimetupa vipimo vizuri kuliko ambavyo mtafiti angeweza kuviandaa. Tokyo, wanaume walishindana siku moja kabla ya wanawake, kwenye maji yale yale na mzunguko ule ule, ila kwenye joto na barabara kavu. Walioongoza majini walijaribu kuponyoka, wakashindwa; kundi la nyuma likawafikia, na shindano likaamuliwa kwa miguu, Kristian Blummenfelt wa Norwei akishinda mbele ya Alex Yee wa Uingereza na Hayden Wilde wa New Zealand. Paris, tarehe 31 Julai 2024, mpangilio ulikuwa mzuri zaidi kwa uchambuzi kwa sababu yote yalitokea asubuhi moja. Shindano la wanaume lilikuwa limeahirishwa kwa siku moja kutokana na uchafu wa maji ya mto Seine, likapangwa baada ya lile la wanawake. Wanawake walianza saa mbili asubuhi, mvua ya usiku ikiwa bado imelala juu ya lami na juu ya barabara za mawe. Wanariadha kadhaa walianguka, na medali zikaenda kwa Cassandre Beaugrand wa Ufaransa, Julie Derron wa Uswisi na Beth Potter wa Uingereza, wote wakiwa wameshuka baiskeli katika kundi dogo la mbele. Wanaume walipoanza karibu saa tano kasorobo, barabara zilikuwa zimekauka. Wilde alitoka majini akiwa nyuma sana, nafasi ambayo saa chache kabla ingekuwa hukumu. Badala yake alirudi polepole pamoja na kundi lake, akaongoza mbio karibu hadi mwisho, na Yee akampita zikiwa zimebaki mita mia chache. Alipata fedha. Mkondo wa Seine, uliowalazimisha waogeleaji kurudi wakijibana na ukuta wa gati, uliwatesa wanawake na wanaume vilevile. Kilichotofautiana sana kati ya saa mbili na saa tano ni barabara.

Mtu makini atasema nimelinganisha wanawake na wanaume, na kwamba mashindano ya wanawake kwa kawaida huachana zaidi majini, mvua iwepo isiwepo. Pingamizi hilo lina uzito, na sidhani linaweza kuondolewa lote. Lakini tazama Rio de Janeiro mwaka 2016, shindano la wanawake kwenye barabara kavu, tena lenye mlima mkali katika kila mzunguko. Gwen Jorgensen wa Marekani hakuwa miongoni mwa waliotangulia kutoka majini, wala hakuwa mwendesha baiskeli wa kuogopwa. Kundi la mbele liliungana mapema, likabaki kubwa, naye akashuka baiskeli akiwa na miguu iliyobaki na nguvu za kumshinda Nicola Spirig wa Uswisi. Duffy alikuwapo, akamaliza wa nane. Kwa hiyo wanawake nao huungana barabara ikiwaruhusu.

London ni pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi. Mwaka 2012 wanawake walianza kwenye barabara yenye utelezi, wengine wakaanguka mapema, akiwamo Emma Moffatt wa Australia aliyekuwa na medali ya shaba ya Beijing. Hata hivyo kundi la watu 22 lilifika pamoja kwenye eneo la kubadilishia, na dhahabu ikaamuliwa kwa picha: Spirig na Lisa Nordén wa Sweden wote waliandikiwa 1:59:48. Kama mvua pekee ingetosha kuvunja makundi, London ingeonyesha hivyo. Jibu langu ni kwamba mvua haitoshi bila kona. Mzunguko wa London ulipita barabara pana za Hyde Park na kuelekea kasri la Buckingham, ukiwa na vipande virefu vilivyonyooka ambamo kundi kubwa liliweza kujikusanya tena na kutumia uwingi wake. Odaiba hapakuwa na nafasi hiyo. Kona moja ilifuatwa na nyingine kabla foleni haijakunjuka. Anayetaka kukadiria uzito wa kuogelea siku ya mvua asome ramani ya baiskeli kwanza, utabiri wa hewa baadaye.

Wapo pia watakaosema Duffy angeshinda hata jua likiwaka, na huenda ni kweli. Mshindi aliyeacha wa pili kwa dakika moja na sekunde 14 hahitaji kutetewa na mvua. Ila hoja yangu inaonekana vizuri zaidi kwa aliyekuwa wa pili. Baiskeli ilipokaribia kwisha tairi la Taylor-Brown lilipata pancha. Aliendelea kulikanyaga hivyo hivyo hadi eneo la kubadilishia, akaanza kukimbia akiwa sekunde 22 nyuma ya wenzake wa kundi la mbele. Katika shindano la siku kavu, sekunde 22 zingemtupa katikati ya umati wa wakimbiaji 30. Tokyo zilimwacha peke yake kwenye nafasi tupu kati ya kundi lake na kundi la nyuma, na kutoka hapo alipanda hadi medali ya fedha. Rachel Klamer wa Uholanzi, wa kwanza kati ya waliokuwa nyuma, alimaliza wa nne. Nafasi ile tupu haikutengenezwa na miguu. Ilianzia majini, na kona zikaizuia isizibwe. Lakini kundi la mbele halikumhakikishia kila mtu medali. Laura Lindemann wa Ujerumani na Jessica Learmonth wa Uingereza walishuka baiskeli wakiwa mbele vilevile, wakapitwa hadi nafasi ya nane na ya tisa.

Huwa inasemwa, na hasa na walioanguka, kwamba mvua ni bahati nasibu. Wanawake 34 tu ndio waliomaliza Tokyo, zaidi ya theluthi ya walioanza wakiwa wametoka kwa kuanguka, kwa hitilafu au kwa kupitwa mzunguko mzima, jambo ambalo kwa kanuni humtoa mshindani. Bahati imo, sibishi. Lakini haigawanywi sawasawa. Anayekata kona wa pili au wa tatu anaweza kuangushwa na kosa lake au la mtu mmoja. Anayekata wa 18 anaweza kuangushwa na kosa la watu 17. Na kuna ufundi ambao bahati haiujui. Duffy amewahi kuwa bingwa wa dunia wa XTERRA, triathloni ya baiskeli za milimani, kwenye matope, mizizi na mawe, mara kadhaa, na huko hujifunza mtu kuhisi tairi linapoanza kuponyoka kabla halijaponyoka. Ndiye huyohuyo aliyeanguka kwenye baiskeli London na kumaliza wa 45. Ustadi wa kona humwezesha mtu kukaa kwenye kundi dogo; haumfikishi huko kama alitoka majini amechelewa.

Makocha wengi, wakisikia utabiri wa mvua, huanza na vifaa, na vifaa vina nafasi yake. Upepo kwenye matairi hupunguzwa kidogo ili sehemu kubwa zaidi ya mpira iguse lami, breki za diski hushika vizuri kwenye maji kuliko zile za kubana rimu, miwani yenye vioo vyeusi huachwa hotelini. Ila vitu hivyo anavyo kila mmoja. Uamuzi wenye faida siku hiyo ni wa mita 300 za kwanza majini: kuogelea kwa nguvu zaidi ya ilivyopangwa, hata kwa gharama ya mapafu, ili kuyashika maji yanayofuata miguu ya kundi la kwanza kabla mlango haujafungwa. Mkimbiaji bora anayezoea kuokoa nguvu mwanzoni kwa kutegemea baiskeli imrudishe anapaswa kuzitumia humo majini, kwa maana baiskeli haitamrudisha.

Hesabu hii ina mpaka wake, na mpaka ni ile ruhusa ya kujikinga upepo. Katika mashindano marefu yanayoikataza hakuna foleni kwenye kona wala kundi la kukosa, na ugumu wa hewa huingia kwa mlango mwingine. Norseman ya Norwei, iliyoanza mwaka 2003, huwashusha washindani kutoka kwenye feri hadi kwenye maji baridi ya Hardangerfjord, kilomita 3.8 za kuogelea kabla ya kilomita 180 za baiskeli kuvuka nyanda za juu za Hardangervidda na mbio za kilomita 42 zinazoishia juu ya mlima Gaustatoppen. Mwaka 2015 maji yalikuwa baridi kiasi kwamba sehemu ya kuogelea ilifupishwa. Huko dakika mbili za mapema majini hazina maana kubwa. Vidole vilivyokufa ganzi visivyoweza kufunga zipu ya koti humgharimu mtu nyingi zaidi ya hizo kwenye mteremko wa kwanza wenye upepo.