Maji Yakiwa Yamekupwa

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya maji kupwa. Bahari inarudi nyuma, tope linabaki wazi, na una saa chache za kufanya ulilojia kabla maji hayajaanza kujaa. Huko Shoeburyness, mdomoni mwa mto Thames, mashariki ya London, tope hilo huenda mbali sana. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1939 ndege ya Kijerumani ilionekana ikidondosha kitu chenye parachuti, na maji yalipokupwa kitu hicho kikabaki pale, kimezama nusu kwenye tope: cheusi, cha mviringo, kirefu kumshinda mtu.

Lilikuwa bomu la kutegwa baharini, na Waingereza walikuwa na kiu ya kulipata zima. Mabomu ya zamani yalikuwa na pembe; meli ikiigonga pembe, imekwisha. Haya mapya hayakungoja kugongwa. Yalilala chini ya maji, chuma kikipita juu yanalipuka. HMS Belfast, manowari ambayo leo ni makumbusho kwenye mto huohuo wa Thames, ilivunjwa mgongo huko Scotland tarehe 21 Novemba, siku moja tu kabla. Ilishukiwa kwamba ni mambo ya sumaku. Lakini sumaku ya namna gani, na inafanyaje kazi? Sharti lifunguliwe moja.

Waliotumwa ni Luteni Kamanda John Ouvry na mwenzake Roger Lewis, wote wa HMS Vernon, Portsmouth, ambayo licha ya jina lake haikuwa meli bali chuo cha nchi kavu cha mabomu na torpedo. (Wanamaji wa Kiingereza wana tabia ya kuyaita majengo meli.) Walipitia kwanza makao makuu ya jeshi la majini, London, kwa Winston Churchill, wakati huo waziri wa jeshi hilo, kisha wakasafirishwa usiku uleule hadi ufukweni. Wakalifikia bomu gizani kwa mwanga wa taa, maji yakiwa yanarudi.

Hapa ndipo ninapompenda Ouvry. Hajalala, wakubwa wanamngoja, bomu liko mbele yake, na halifungui. Analiangalia. Anaona vifuniko vyake vimefungwa kwa namna ambayo spana ya kawaida haiingii. Basi wakachukua karatasi, wakaibana juu ya kifuniko hadi umbo lake likatokea, kama fundi viatu anavyopima mguu wa mteja juu ya gazeti. Kisha wakarudi nchi kavu kungoja maji yapwe tena. Karatasi ikaenda karakana, spana ikachongwa kwa kulifuata lile umbo, na ikachongwa kwa shaba ya njano. Chuma kisingefaa: hata bisibisi ingeweza kuiamsha ile sumaku.

Niliwahi kukaa saa nzima mbele ya meza ya fundi saa nikimtazama akifungua saa ya mkono. Kila kinachotoka alikipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano wa kutoka kwake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, ili kesho akiugua hata mwanawe aweze kuirudishia. Ouvry alifanya jambo hilohilo, ila kitambaa chake kilikuwa daftari lililoshikwa na mtu mwingine.

Mchana wa tarehe 23 walirudi wanne. Ouvry na Baldwin, baharia mkongwe asiye ofisa, ndio waliolikabili bomu. Lewis na baharia mwingine, Vearncombe, walibaki mbali, mahali palipodhaniwa kuwa salama, wakiandika kila hatua. Maana yake ilieleweka bila kusemwa. Bomu likilipuka, daftari litaonyesha limelipukia hatua ya ngapi. Na la pili lilikuwa limeshaonekana kwenye tope lilelile. Watakaoliendea hilo watajua wasirudie nini. Watu husifu mikono isiyotetemeka. Mimi nalisifu daftari.

Spana ya shaba ikakaa. Kifuniko kikalegea, kikatoka, na kiwashio kikafuata kikiwa kizima. Lakini sehemu nyingine zilikuwa upande uliozama, ikabidi Lewis na Vearncombe waitwe, wote wanne wakalibiringisha lile dude zito topeni. Kikatoka kingine, na kingine tena, taratibu, hadi likabaki pipa la baruti lisilo na wa kuliamrisha.

Kiswahili kina neno lake kwa kazi hii: kutegua. Ndilo tunalolitumia kwa mtego, na jioni watoto wakikaa ukumbini, kwa kitendawili. Jibu la kitendawili hiki lilipatikana Vernon, bomu lilipofikishwa kwa wataalamu. Ndani mlikuwa na sindano mithili ya ile ya dira, ila hii haikuyumba kushoto na kulia. Iliinama na kuinuka. Meli ya chuma, tangu inaundwa, hunywa usumaku wa dunia. Ikipita juu ya bomu sindano inainama, umeme unapata njia, basi. Jibu lilipojulikana dawa haikukawia: zungusha waya kwenye mwili wa meli, pitisha umeme, usumaku wake ufifie. Mwaka uliofuata nyingi ya meli zilizokwenda Dunkirk kuwachukua askari zilikuwa zimeshatibiwa.

Tarehe 19 Desemba 1939 Mfalme George VI alikwenda Vernon mwenyewe kuwavisha nishani. Victoria Cross haikuwezekana, kwani hiyo ni ya ushujaa mbele ya adui, na kwenye tope lile adui hakuwapo. Alikwisha kutega na kuruka zake. Ouvry na Lewis walipewa DSO. Baldwin na Vearncombe walipewa DSM. Herufi moja hiyo ina mambo yake: wakati huo DSO ilikuwa ya maofisa, DSM ilikuwa ya wasio maofisa. Baldwin alikuwa kwenye tope lilelile, umbali uleule kutoka kwenye baruti ileile.

Wajerumani nao hawakulala. Walianza kuweka mtego ndani ya mtego, bomu linalomsubiri fundi badala ya meli, na tangu hapo aliyefungua kifuniko alikuwa akipambana na mtu aliyemfikiria yeye. Baldwin aliuawa na bomu jingine. Tarehe 21 Septemba 1940, huko Dagenham, Luteni Kamanda Richard Ryan na msaidizi wake Reginald Ellingworth waliingia pamoja kwenye ghala ambamo bomu lilikuwa limening'inia kwa parachuti yake. Likalipuka, wakafa wote wawili. Siku chache baadaye Mfalme alianzisha nishani mpya, George Cross, ya ushujaa usiohitaji adui kuwapo na isiyouliza cheo. Ryan aliipata baada ya kufa. Ellingworth naye aliipata, ileile.