Alama ya 2090

Gari limegonga mtu usiku na dereva ametokomea. Kwenye nguo za majeruhi imebaki punje ya rangi ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Mchunguzi anaiweka chini ya hadubini, anashika kisu cha upasuaji na kuikwangua tabaka baada ya tabaka: ile ya juu inayong'aa, rangi yenyewe, praima, na ya chini kabisa inayozuia kutu. Zote kwa pamoja kwa kawaida hazifikii robo ya milimita. Mkono ukiteleza, tabaka zinachanganyika, na punje ya pili hakuna.

Hapo bado ni kazi ya mkono. Mimi navutiwa zaidi na kutambua pigmenti, yaani ule unga unaoleta wekundu au ubuluu. Umezama ndani ya gundi iliyokaushwa kwa joto kiwandani, kwa hiyo unasomwa humohumo. Kipande hubanwa katikati ya almasi mbili mpaka kiwe utando, kikapitishiwa miale ya infraredi, na mashine ikachora grafu ya miale iliyomezwa. Sehemu kubwa ya grafu ni gundi inayojisemea. Pigmenti inabidi uitafute.

Edward Suzuki, mkemia wa maabara ya polisi wa jimbo la Washington, Marekani, alizipitia rangi za kiwandani za magari ya huko ya mwaka 1974 hadi 1989. Katika makala ya kwanza ya mfululizo wake, mwaka 1996, alionyesha jinsi buluu ya Prussia inavyoacha alama karibu na namba 2090 kwenye mhimili wa grafu, mahali ambapo gundi imenyamaza. Ni kijimstari tu. Mwenye haraka atakipita. Hadubini nyingi za infraredi huishia karibu na 700, lakini yeye alishuka chini zaidi, kunakojitokeza oksidi za chuma na ule weupe wa dioksidi ya titani.

Weupe huo nao una maumbo mawili yenye fomula ileile. Kwa leza ya Raman, njia nyingine ya kusoma pigmenti, umbo liitwalo anatase hutoa alama kali karibu na 144, na rutile karibu na 447 na 612. Basi, ubishi umekwisha.

Baada ya jasho lote hilo, ripoti huandika tu kwamba rangi ya punje na ile ya gari linaloshukiwa hazikuweza kutofautishwa, maana kiwanda hupiga rangi moja kwenye maelfu ya magari. Mwendesha mashtaka atanuna. Mimi ubahili huo wa maneno naupenda. Gari lililopigwa rangi upya gereji, tabaka mbili tatu juu ya zile za kiwandani, ndilo humruhusu mchunguzi kusema kwa nguvu zaidi.