Oili ya Gia: Jina Moja kwa Vitu Viwili

Kanuni ya kwanza ya uundaji wa istilahi ni kwamba dhana moja ipewe jina moja, na jina moja lisibebeshwe dhana mbili. Katika vikao kanuni hii huonekana kavu. Sisi tuliielewa vyema tulipokwama njiani kwenda Amani.

Gari lenyewe lilikuwa Mercedes-Benz ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lenye giaboksi otomatiki, lililotunzwa kwa mapenzi zaidi kuliko kwa fedha. Tangu Tanga lilikuwa likiacha matone mekundu kila liliposimama. Tulipofika Muheza tukaandika katika karatasi: «oili ya gia, lita mbili». Duka likatupa kile tulichokiandika, nasi tukakitia. Barabara ya Amani hupanda kutoka Kisiwani na Sigi kwa kona nyingi hadi kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kabla hatujafika, gari likaanza kusita. Injini inanguruma, magurudumu hayaitiki. Fundi aliyeitwa alichomoa kijiti cha kupimia, akasugua tone kati ya vidole, akasema: «Wazee, mmetia uji.»

Kosa halikuwa la duka. Oili ya gia, kwa maana iliyozoeleka, ni ile nzito inayolainisha meno ya gia za kubadilishwa kwa mkono. Ile ya otomatiki ni nyepesi na ina kazi nyingi: hupitisha nguvu ya injini, husukuma vali, hubana sahani za klachi, hulainisha na kupoza. Kampuni ya General Motors iliitoa ile iitwayo Dexron mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza letu la Kiswahili. Hutiwa rangi nyekundu ili ikivuja isichanganywe na oili ya injini. Ukitia nzito mahali pa nyepesi, vali huchelewa na klachi huteleza hata kuungua. Basi jina «oili ya gia», lililoachwa bila kifafanuzi, laweza kuharibu chombo cha thamani.

Mafundi huiita ile nyekundu «haidroliki». Wapo watakaolidharau neno hili kuwa ni la gereji. Sisi hatulidharau. Tunaona kasoro moja tu, kwamba hilohilo hutumika kwa oili ya usukani. Na kwa kuwa katika magari mengi ya zamani usukani hutumia oili ileile, hasara si kubwa. Tungeridhika na «haidroliki ya gia».

Penye ugumu zaidi ni vizuizi vya uvujaji. Mfasiri akifungua kamusi ya Kiingereza kutafuta neno la ule mpira unaozunguka shafti, atakutana na «muhuri» na «lakiri», na akiyafuata atamfanya fundi awe karani wa posta. Wengine wangependa kulirudia neno la mabaharia, kukalafati. Ni zuri, na tunalionea wivu; lakini kalafati hupachikwa kati ya mbao zilizotulia. Yafaa kwa gasketi, inayokaa kati ya sampo na giaboksi. Haifai kwa sili, ambayo mdomo wake wa mpira hukumbatia shafti inayozunguka, na mpira ukikauka kwa uzee hakuna bolti ya kukaza ikakusaidia. Gasketi na sili zibaki kama gereji ilivyozitenga.

Na hapa fundi alitushinda kwa Kiswahili. Alituuliza: «Linachuruzika, linatona, au linalowa tu?» Vitabu vingi vya mafunzo huandika «kuvuja» kwa yote. Kwake kila kitenzi kilikuwa na tiba yake: kilichotona penye joto la mlima na kukauka penye baridi hakikuwa sawa na kilichochuruzika usiku kucha. Tulikuwa hatujatazama vya kutosha kumjibu. Akamwaga oili yote, akasafisha, akatia haidroliki iliyoletwa kutoka Muheza, akaosha uvungu, akaliendesha gari mwendo mfupi, kisha akatafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, kwani upepo hupeleka oili nyuma na kumdanganya mtazamaji. Ikawa ni gasketi ya sampo. Bolti zilikuwa zimekazwa kupita kiasi hata ukingo ukapinda. Aliunyosha ukingo, akaweka gasketi mpya, akakaza kidogo kidogo kwa kupishana.

Kwa «sampo» bado hatujaridhika. Mmoja wetu, mtu wa pwani, alipendekeza «ngama», ile sehemu ya chini ya jahazi yanapotuama maji. Fundi alicheka, lakini alilirudia mara mbili kabla ya kunawa mikono.